Waya Alivyosahau Anwani

Mdogo wangu tunamwita Waya, maana tangu utotoni hapiti palipo na waya asiushike. Redio zote za baba alizifungua, akafanikiwa kuifunga moja. Sasa ndiye fundi wa kompyuta wa chuo cha wauguzi, na kusema kweli kazi anaijua. Tatizo lake ni woga. Mkuu wa chuo akikohoa tu, Waya anaomba radhi.

Mwaka huu chuo kiliamua wanafunzi wajisajili kwenye tovuti, anayewahi ndiye anayepata nafasi. Waya akaijenga. Mimi na kompyuta ni mbalimbali, lakini amenieleza hadi nimeshika: tovuti yenyewe haitunzi kitu. Majina inayatuma kwenye hifadhidata, na anwani ya kuyapeleka fundi huiandika katika faili moja dogo, pamoja na neno la siri. Waya alikuwa na hifadhidata mbili. Moja ya kweli, moja ya majaribio, na hii ya majaribio aliipanga ijifute yenyewe kila alfajiri ili aanze upya.

Basi umeshaelewa. Usajili ulifunguliwa, anwani ikabaki ile ya majaribio.

Binti wa Waya aliwahi kuliko wote. Mtoto yule ameutaka uuguzi tangu alipomuuguza mama yake wodini mpaka tukamzika, na mwaka ujao umri wa kupokelewa utakuwa umempita. Alijaza pale sebuleni, kwenye simu yangu. Skrini ikaandika: "Usajili wako umekamilika." Tulipiga vigelegele hadi jirani akagonga ukuta. Baba yake akapiga simu kutoka kazini.

"Umeshajisajili?"

"Tayari, baba."

"Hongera, muuguzi!"

Kesho yake asubuhi Waya akafungua hifadhidata ya kweli ayaone majina. Tupu! Hata jina moja la dawa. Kuangalia lile faili, anwani ni ya majaribio. Akabadilisha anwani, akaiwasha tovuti upya, majina yakaanza kumiminika. Yale ya jana yalishafutika, na hayakuwa na pa kutolewa tena.

Sasa hapa ndipo ninapotamani kumzaba kibao. Angeweza kutangaza. Basi hata kunipigia mimi, neno moja tu: mwambie arudie. Nafasi zilikuwa bado zipo! Lakini bwana huyu aliogopa habari zisivuje, akajifungia ofisini kufuta kila alama ya kosa lake, mkuu asije akaiona. Alipoinua kichwa ilikuwa mchana, nafasi zimejaa.

Majina yalipobandikwa, la binti halikuwepo. Akaenda chuoni, karani akamtafuta kwenye kompyuta. "Hapa hujawahi kujisajili, dada." Waliokuwa nyuma yake kwenye foleni nao walijibiwa hivyo hivyo, lakini yeye alikuwa ameshatoka. Akarudi akiamini kwamba ni yeye aliyebonyeza vibaya. Akawa anajilaumu mezani, huku baba yake anakula, anamsikia.

Nikamfuata Waya jikoni, nikambana. "Wee, sema. Una nini?"

Akasema yote. Nikamwambia amchomeke mtoto kwenye orodha, si yeye mwenye funguo za huko ndani?

"Majina yameshapelekwa juu kwa wakubwa, dada. Pamefungwa. Na wale wenzake je?"

"Leo ndiyo unawakumbuka wenzake? Haya, nenda kamweleze mwanao, asijione mjinga."

Akaenda, akamweleza. Mimi nilisimama mlangoni nikisubiri kilio, nimeshaandaa kanga ya kumfutia machozi. Binti hakulia.

"Asubuhi ile, baba, ulikumbuka kwamba na mimi nimo?"

"Nilikumbuka."

"Ukafanya nini?"

"Niliogopa kufukuzwa, mwanangu."

"Na hawakukufukuza?"

"Hapana. Hakuna anayejua."

"Haya," akasema. Akachukua shati la baba yake la kazini lililokuwa kwenye kiti, akaenda kulipiga pasi.