Sombe ya Posa na Jiwe la Visigino

Nimekana kwa zaidi ya miaka thelathini, sasa nakiri. Ni mimi niliyesaga karanga za posa ya Shangazi Konsolata kwa jiwe la kusugulia visigino.

Enzi zetu, pale mtaani Gikondo mwanzoni mwa miaka ya tisini, nyumba yenye heshima ilikuwa na mawe mawili. La kusagia lilikaa jikoni: granaiti ya kijivu, zito, lenye chembe zinazometameta, ambalo bibi aliolewa nalo. La visigino lilikaa kando ya beseni la kuogea: jeusi, jepesi, lenye matundu kama mkate, kutoka kwenye volkano za Ruhengeri. Baadaye chuo kikuu kilitumia muhula mzima kunieleza kwamba mawe hayo ni ndugu, watoto wa moto mmoja. La kwanza lilipoa polepole chini ya ardhi likakomaa. La pili lilitapikwa juu, likapoa haraka na pumzi zikiwa bado tumboni. Bibi alimaliza somo hilo kwa maneno machache: "Hili la kula, hili la miguu." Angefaulu mtihani ule vizuri kuliko nilivyofaulu mimi.

Siku wakwe wa Shangazi walipokuja kuposa nilikuwa na miaka tisa na mikono kama njiti. Nikapewa karanga nisage za kutia kwenye sombe, yaani kisamvu. Granaiti ilinishinda kuinua. Lile jeusi lilikuwa limeanikwa juani, safi kabisa. Karanga zikasagika upesi ajabu, na jiwe nalo likasagika kidogo.

Baba mkwe, mzee wa Ruhengeri, alitafuna muda mrefu kuliko majani ya mihogo yanavyostahili. Shangazi alikuwa na miaka ishirini na saba, na majirani walishaanza kumwombea. Mzee akameza. "Hii sombe," akasema, "ina ladha ya kwetu." Akaomba aongezwe, na posa ikapita.

Jioni bibi akakuta karanga kwenye matundu ya jiwe la visigino. Akauliza ni nani. Nikasema ni kuku, yule tetea mweupe, nikaeleza kwa kina alivyozidonoa na kuzificha humo. Jumapili tulimla, nami nikapewa paja, kwa kuwa shahidi mwaminifu.

Watoto wangu husaga kwa kubonyeza kitufe, na visigino husugua kwa plastiki ya waridi inayotumia betri. Mashine zao huzima zenyewe mtu akikosea. Sisi tulikosea mpaka mwisho. Nyumba ile haipo tena, na mawe yale sijui yaliishia wapi.

Tatizo ni kwamba ukweni hawakuisahau sombe ile. Shangazi amejaribu mawese, dagaa, hata bilinganya. Kila mara huambiwa bado. Kila Krismasi huniuliza siku ile nilitia nini, nami humjibu: upendo tu.

Wiki iliyopita alinipigia simu kutoka Butare. Baba mkwe, anayeishi nao, sasa ana miaka tisini na amekataa chakula chote. Anataka sombe ya posa.

Nikamwambia yote, hadi habari za kuku.

Akauliza, "Lile la kuogea?"

"Ndilo, Shangazi."

Nikamsikia akivuta pumzi.

"Basi nitafutie, mwanangu. Lakini liwe jipya."