Leso Nyekundu kwenye Lori la Maziwa

Dada yangu mkubwa alinilea, na dada yangu mkubwa ndiye aliyeniuza. Nikisema hivyo watu wa kwetu huniambia, "Mama, yaliyopita yamepita." Yamepita kwenu. Kwangu bado.

Ilikuwa wakati wa emajensi, ile hali ya hatari aliyoitangaza mkoloni, nasi tukiishi kwenye shamba la mzungu upande wa Njoro. Mzungu alitupa miche ya plamu iliyomshinda, wanawake tukaiokota na kuipanda nyuma ya nyumba zetu. Miti ikakubali. Shida ilikuwa soko. Ukienda Nakuru bila ruhusa ya kuandikwa, unajipeleka korokoroni mwenyewe, na hiyo ruhusa karani aliitoa kwa kuringa. Sasa ushuke na madebe yako ukute plamu zimejaa sokoni, utafanya nini? Utazimwaga hapo hapo ukilia.

Ndipo dada, aliyeolewa mjini na kuwa na meza yake sokoni, akatufanyia mpango. Kila asubuhi alizunguka soko akihesabu madebe ya plamu yaliyoingia, kisha akafunga leso kwenye lori la maziwa lililorudi kwetu na mikebe mitupu. Leso nyeupe: nafasi ipo, chumeni. Nyekundu: soko limejaa, ziacheni mtini. Dereva alitucheka, akituita wanawake wa bendera. Lakini mpango ulikwenda vizuri ajabu, na mimi nilitembea nimeinua kichwa, maana dada alikuwa wangu.

Halafu ukaja ule msimu. Leso nyekundu. Kesho yake, nyekundu. Ikawa nyekundu tu. Plamu zikaiva, zikalainika, zikaanza kuanguka, nyuki wakafanya sherehe. Jirani yangu mjane akaja na kikapu mkononi. Alizitegemea plamu zile kumnunulia binti yake sare. Shule ilikuwa imesema bila sare asikanyage.

"Mama, mimi nachuma," akasema. "Hata nikiuza nusu, sawa."

"Ngoja kwanza," nikamwambia. "Dada yangu analiona soko kwa macho yake. Atanidanganya mimi?"

Akangoja. Mungu wangu, akangoja!

Baadaye mtoto wangu akashikwa na kifua, nikapewa ruhusa ya kumpeleka hospitali Nakuru. Tulipotoka huko nikapitia sokoni kumsalimu dada. Nikazitafuta hizo plamu zilizojaa. Nikaona viazi vya Mau Narok, nikaona kabichi, nikaona vitunguu. Plamu zilikuwa kwenye meza moja tu, na wanunuzi wamebanana mbele yake wakisukumana. Meza ya dada. Alizipata kwa tajiri mmoja wa Molo, na kwa kuwa zetu hazikuja, alitaja bei aliyoitaka.

Aliponiona hata hakuona haya. "Umekuja bila kunipasha habari?"

"Soko limejaa wapi, dada?"

Akanivuta kando. "Usinipigie kelele hapa. Zenu zikija, bei inaanguka. Kwani wewe sikuwa nakuwekea chako?"

"Na majirani zangu?"

"Majirani ndio waliokulea?"

Nilimtemea mate miguuni mbele ya wateja wake. Sijutii, hata leo. Nikaondoka na mtoto mgongoni, nikilia kwa hasira hadharani, watu wakidhani nimefiwa.

Nyumbani niliwaita wanawake wote nikawaeleza neno kwa neno, hata hilo la kuniwekea changu. Nilidhani ukweli utanisafisha. Thubutu! Mmoja wao akauliza, "Kwa hivyo, hicho chako kiko wapi?" Nikaapa kwamba sikuchukua kitu. Wakaanza kuondoka mmoja mmoja.

Asubuhi lori likaja na leso nyeupe. Nyeupe pepepe, tena imepigwa pasi! Mitini hakukubaki kitu. Plamu zote zilikuwa chini, zimepasuka, zinanuka pombe. Mjane alikuwa akipita barabarani amemshika binti yake mkono, anampeleka kwa nyapara akaandikwe kuchuma pareto ya mzungu. Nikawaamkia. Binti akaitikia kwa adabu. Mama yake akasimama, akaitazama ile leso ikipepea, kisha akaniambia kwa sauti ya upole kabisa, "Haya, mama. Dada yako anakuita."