Filimbi ya Sokoro Nyabuto

Siku ninayoikumbuka kuliko siku zote za ujana wangu, mwanangu, ni ile niliyosikia jina langu likiitwa nikiwa mzima wa afya, na wanaoliita wakiamini nimeshakufa. Nimeona wewe na wenzako mnajenga nyumba nzuri za mawe pale chini ya mteremko wetu, na moyo wangu hautulii. Basi vuta kigoda unisikilize.

Miaka ile ya sabini mwanzoni, chai ilikuwa ndiyo kwanza inashika katika vilima vyetu vya Nyamira. Tulikata miti yote ya mteremko ili tupande miche, na mimi nilikuwa mstari wa mbele na panga langu. Mtu mmoja tu ndiye aliyetukataza, Sokoro Nyabuto.

Sokoro katika lugha yetu ni babu. Huyu hakuwa babu yangu wa damu, bali alikuwa rika lake, na nguvu zake zote alizimalizia Kericho, akichochea tanuri la kiwanda cha chai. Alirudi nyumbani na blanketi mbili, kikohozi, na filimbi ya chuma shingoni. Kule kiwandani walimfundisha kwamba moto ukizuka filimbi inapigwa, kila mtu anatoka, wanakusanyika getini na majina yanaitwa. Asiyeitika anatafutwa. Sisi tulimwona mzee aliyetuletea mambo ya Wazungu kwenye migomba.

Mwaka mmoja mvua ilizidi, na yeye akagundua ufa kule juu, karibu na mpaka wa shamba letu. Ufa wenyewe ulikuwa mwembamba, ungeuruka usijue kama umeuruka. Akapigilia vijiti viwili, kimoja kila upande wa ufa, akafunga katikati yake kamba ya mgomba iliyokazwa sawasawa. Kila asubuhi na kila adhuhuri alipanda kuitazama. Kamba ikikatika, maana yake mlima umeanza kutembea.

Halafu akaita watu wa nyumba saba zilizokuwa chini ya mteremko, na hapo ndipo akili ya mzee huyu ilipoonekana, ingawa mimi wakati huo sikuwa na macho ya kuiona. Kiwandani kila mtu alikuwa na miguu yake ya kujitoa. Kwetu kulikuwa na vikongwe, wagonjwa na wazazi wenye watoto wachanga. Tena kulikuwa na ensoni, ile heshima yetu ya kuepukana. Baba hakanyagi ndani ya nyumba ya mwanawe aliyeoa, hata mvua ya mawe ikimpiga mlangoni. Sokoro hakubishana na mila. Alipita nyumba hadi nyumba kwa siku tatu, akiuliza ni nani anayeweza kuingia hapa bila kuvunja heshima ya mtu. Kila mnyonge akapewa mtu wa kumtoa, na nyuma ya kila jina akaweka jina la pili. Mahali pa kukutania pakawa kwenye banda la kupimia majani ya chai, mbali na mteremko. Kuandika hakujua. Yote aliyaweka kichwani.

Mimi nilipewa Kwamboka, mke wa kaka yangu. Kaka alikuwa kibaruani Kericho, na Kwamboka alikuwa amejifungua siku chache tu, hajapata nguvu. Shemeji ni mtu wangu wa utani, kwa hiyo kuingia kwake hakukuwa na shida. Jina la pili nyuma ya jina langu lilikuwa la Nyaboke, mke wa Sokoro mwenyewe, kibibi kifupi kilichopinda mgongo. Nilicheka mbele ya watu wote.

"Huyu atambeba nani, Sokoro? Hata mtungi wa maji unamshinda!"

"Wewe beba mtu yako," akanijibu kwa Kiswahili chake cha kiwandani. "Na ukienda mahali, sema. Mimi nikiita jina nataka kujua kama uko hapa ama uko wapi."

Sasa sikiliza upumbavu wangu, na ukitaka kucheka ucheke. Siku ya soko Keroka ilifika, nami nilikuwa nimeshonewa suruali pana chini, fasheni ya siku hizo. Suruali ya namna ile haivaliwi kwa ajili ya ng'ombe. Asubuhi nilipita kwa Kwamboka, akaniuliza kama nitakuwepo, maana mvua ya alasiri ilikuwa haijakosa hata siku moja juma lile.

"Niko tu hapa nyumbani, shemeji," nikamwambia. "Kabla ya mvua nitakuja kukuangalia."

Nilisema hivyo viatu nikiwa nimeshavipiga rangi. Sikumwambia mtu mwingine yeyote, kwa kuwa Tata, yaani baba yangu, angenipa kikapu nikachume chai.

Mvua ilinikuta Keroka. Nilijikinga kwenye baraza la duka, nikapiga soga na madereva wa malori, na sikumkumbuka Kwamboka hata mara moja. Ilipopungua ndipo nilipoanza safari ya kurudi, suruali nimeikunja hadi magotini.

Yaliyotokea nyumbani niliambiwa baadaye. Kamba ilikatika mvua ikiwa imepamba moto, na Sokoro alikuwa palepale, ameloa chapachapa. Akapiga filimbi. Nyumba zikaanza kutoka watu, kila mtu na wake. Tata alifika wa kwanza kwenye nyumba ya kaka, akasimama kizingitini akiita jina langu, kwa sababu mimi ndiye niliyepaswa kuingia. Miguu yake ilikataa kuvuka. Nyaboke akapita chini ya mkono wake, akaingia, akamfunga mtoto kifuani kwa shuka, akamkokota Kwamboka kwa kwapa. Kibibi kile, mwanangu! Mpaka leo nikikifikiria naona haya kwa kile kicheko changu. Walikuwa wamefika tu kwenye migomba udongo ulipoporomoka na kufukia jiko na nusu ya nyumba.

Kwenye banda Sokoro akaita majina, nyumba baada ya nyumba. Wote wakaitika. Akaita Mokaya, nami ndiye Mokaya, pakawa kimya. Kwamboka akaanza kulia.

"Alisema atakuja kuniangalia kabla ya mvua," akasema. "Pengine aliingia kwa nyuma, huko jikoni."

Tata hakungoja kusikia zaidi. Alichukua jembe akarudi mbio.

Mimi ndiyo kwanza nilikuwa nafika kwenye kilima cha ng'ambo ya mto. Nikasikia sauti ya Sokoro ikiita, "Mokaya! Mokaya!" Nikatazama chini, nikaona mteremko umechunika, na ndani ya nyumba ya kaka mtu yuko kiunoni kwenye tope, anatupa udongo kwa mikono. Nilimtambua kwa koti lake. Alikuwa Tata, ndani ya nyumba ya mwanawe, akinitafuta.

"Niko hapa!" nikapiga kelele. "Tata, niko hapa!"

Mto ulikuwa unanguruma, hakusikia. Nikashuka mbio, nikianguka na kuinuka, nikipunga mikono na kupayuka kama mwendawazimu. Sokoro ndiye aliyeniona. Akapuliza filimbi mpaka Tata akainua kichwa, kisha akamwonyesha kwa kidole nilipo. Tata akaniona, akaliacha jembe palepale topeni, akatoka. Hakuwa amefika kwenye migomba sehemu iliyobaki ya mteremko ilipokuja. Nyumba ya kaka ikatoweka pamoja na jembe la Tata.

Tulipokutana nilingoja kofi. Hakunipiga. Alinishika ile suruali mpya kwa mikono yake ya tope, akachuchumaa, akalia. Ningeona afadhali fimbo mia moja.

Kesho yake wazee wengine walianza kunong'ona kwamba Tata amevunja ensoni. Sokoro akasimama na kikohozi chake.

"Hebu nionyesheni mlango," akasema. "Iko wapi hiyo mlango aliingia?"

Wakatazama tope. Hapakuwa na mlango wala nyumba, na maneno yakaishia hapo. Nilimpenda mzee yule kuanzia siku hiyo hadi tulipomzika.

Baadaye nilikwenda kumwomba radhi, nikamuuliza ni kwa nini aliweka jina nyuma ya langu, nami nilikuwa kijana mwenye nguvu.

"Wengine niliweka kwa sababu mtu anaweza kuwa mgonjwa," akasema. "Wewe niliweka kwa sababu nakujua." Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akaniangalia vizuri. "Lakini wewe ulikuwa na jina ya pili. Baba yako kwa hiyo tope hakuwa na mtu wa pili. Ni wewe tu ungemtoa."

Basi, mwanangu, ninalokuomba ni hili. Usilale chini ya mteremko ule kabla hujajua ni nani wa kumtoa nani, na huyo asipokuwepo ni nani atakayeingia. Kubalianeni mkiwa mmekaa na jua linawaka, wala msimcheke mfupi mliyempanga. Mila mziulize mapema, zisije zikawasimamisha kizingitini. Ukitoka, hata kama unakwenda mahali pa aibu, mwambie mtu. Siku ile kosa langu halikuwa kumtelekeza Kwamboka tu, nilikaribia hata kumzika baba yangu akiwa anamtafuta mtu aliyekuwa Keroka akipiga soga.

Filimbi hii Sokoro aliniachia. Nimeitia kamba mpya. Ichukue, na kesho asubuhi tupande polepole nikuonyeshe mahali pa vijiti, magoti yangu yakikubali. Mungu ailinde nyumba yako mpya. Akujalie watu wa kuingia mlangoni mwako siku utakaposhindwa kutoka, na jina lako litakapoitwa, akujalie uwe karibu na uwe na sauti ya kuitika.