Uzi Mwekundu Kwenye Koti

Kabla ya kuuza mitumba nilikuwa muuzaji wa duka la ushirika, kijiji kimoja nje kidogo ya Njombe mjini. Miaka ile mwenye duka hakutafuta mteja. Sukari ikija, watu walipanga foleni tangu alfajiri, na mimi nyuma ya kaunta nilikuwa na sauti kuliko mwenyekiti wa kijiji. Niliweza kusema "imekwisha" huku mifuko miwili imefunikwa gunia miguuni pangu, ikisubiri ndugu zangu na wakubwa. Sikuona aibu. Nilijiambia kwamba yeyote angekaa pale angefanya vivyo hivyo.

Kisha biashara ikaachiwa huru. Malori ya watu binafsi yakaanza kupanda na bidhaa za kila namna, duka letu likabaki na majembe na chumvi, mwishowe likafungwa. Nikashuka Makambako kutafuta cha kufanya.

Karibu na stesheni ya reli alikuwapo mzee mmoja Mwislamu, mtu wa kuhamia kutoka Kigoma, aliyeuza marobota ya nguo za mitumba. Nilichukua robota la masweta na makoti, nikapanda nalo basi kurudi Njombe. Niliwaza kwamba kwa baridi ya kwetu, nguo hizo zingejiuza zenyewe.

Hazikujiuza. Watu walisimama mbele ya turubai langu sokoni, wakashika sweta, wakanitazama usoni, wakaliacha. Wengine waliziita kafa Ulaya na kuuliza kama mwenyewe alizikwa bila koti. Lakini jirani yangu mwenye masweta kama hayo hayo aliuza. Ilinichukua wiki kadhaa kuelewa kwamba waliyemkataa ni mimi.

Siku moja akaja mama mmoja mkulima wa viazi, mtu mzima kunizidi. Alipenda koti zito la kijivu. Nililijua koti lile: bitana ilikuwa imechanika kwapani, na nilikuwa nimelikunja makusudi ili pasionekane.

"Zima hili?" aliuliza.

"Zima, mama. Angalia lilivyo zito."

Akalichukua. Siku ya soko iliyofuata alirudi, koti mkononi, ndani nje.

"Kamwene," nilimsalimu kwa Kibena.

Hakuitikia. Aliinua koti juu ili watu waone. "Huyu ndiye aliyeniambia sabuni imekwisha, na mimi naiona kwa macho yangu. Nilikuwa na mtoto mchanga. Nilifua nepi zake kwa majivu. Leo tena ananiambia koti ni zima!"

Watu wakasogea kutazama. Nilitamani ardhi inimeze. Nilimwambia nitamrudishia hela yake.

"Sitaki hela. Baridi hii nitavaa hela? Nataka koti zima."

Nilikuwa na sindano na uzi wa rangi moja tu, mwekundu. Nikakaa chini, nikaanza kushona mbele ya wote. Nilipofika katikati nikasema, bila kuinua kichwa, "Sabuni ilikuwepo, mama. Nilikunyima. Na hapa kwapani nilipaona kabla hujanunua. Nisamehe."

Alisubiri nimalize, akavuta mshono kwa nguvu kuupima, akavaa koti akaondoka.

Jioni ile nyumbani nilifungua mzigo uliobaki, nikakagua nguo moja moja. Kila penye tundu, doa au kifungo kilichokosekana nilifunga kipande cha uzi mwekundu, kirefu, kinachoning'inia. Asubuhi nilizitundika zote kwenye kamba, nyingine ndani nje, na kwa kila aliyepita nilisema, "Penye uzi pana kasoro. Angalia kwanza."

Wiki ya kwanza walinicheka. Niliposhuka Makambako na kumsimulia yule mzee, naye alicheka hadi kofia ikamlegea.

"Dada, wewe unatangaza ubovu wa mali yako mwenyewe?"

"Natangaza kwamba nimeuona, mzee."

Alitikisa kichwa. Lakini aliniongezea mkasi mdogo wa kukatia nyuzi.

Mabadiliko yalikuja taratibu. Alianza mwalimu wa shule ya msingi, akachagua sweta lenye uzi mmoja kwenye mkono kwa sababu, alisema, angalau ubaya wake anaujua. Wakafuata akina mama wa kwaya ya usharika wetu. Kufikia mwezi wa sita, barafu nyembamba ilipoanza kufunika majani asubuhi, watu walikuwa wakielekezana sokoni: nenda kwa yule wa uzi mwekundu. Mwenye masweta jirani yangu naye alianza kufunga nyuzi, za bluu.

Yule mama wa viazi alirudi mwishoni mwa msimu wa baridi, kutafuta sweta la binti yake aliyekuwa anaenda sekondari. Alishika moja la kijani lisilo na uzi wowote.

"Hili?"

"Sijaona kasoro. Tafuta na wewe, mama, macho yangu si ya malaika."

Alikaa juu ya ndoo yangu, akaligeuza pindo kwa pindo bila haraka. Kwenye kola akakuta tundu dogo la nondo, dogo kuliko punje ya ulezi. Alininyooshea kiganja, nami sikuelewa.

"Uzi," alisema.

Nikamkatia. Akaufunga mwenyewe, kisha akalikunja sweta na kulinunua hivyo hivyo. Alipoinuka alinisalimu kwa Kibena, kwa mara ya kwanza, akaniuliza habari za watoto. Tulizungumza muda mrefu, zaidi kuhusu viazi, ambavyo mwaka ule vilikuwa vimeharibiwa na mvua.