Kiti cha Nyanya

Juzi, mjini Bungoma, nilimwona fundi akiinua kiti cha nyuma cha gari kuukuu, nikacheka peke yangu.

Nilipokuwa mdogo, gari la Baba lilinuka petroli na mahindi mabichi, na taa zake za nyuma ziliwaka tu nyanya akiketi. Mimi niliamini ni kwa sababu ameokoka. Basi kila safari ya Kitale tulimbeba, polisi wasije wakatushika.

Alasiri moja fundi wa gari hilo alimwomba nyanya ashuke, akapapasa chini ya kiti, akapata waya uliolegea.

"Ukikaliwa ndiyo unashika," alimwambia Baba.

Nyanya akamwinamia fundi, akanong'ona, "Kijana yangu, usikaze sana."

Nilidhani anauonea waya huruma.

Jumamosi iliyofuata taa zilikataa tena, na kabla Baba hajamwita, nyanya alikuwa tayari ndani ya gari, kibeti mapajani.