Biti ya Tisa

Shangazi yangu ni fundi cherehani katika mtaa wa Biryogo. Masikio yake yalianza kufifia taratibu, naye hakumwambia mtu. Wateja walibisha geti, wakasubiri, wakaondoka. Wengine walisema fundi siku hizi anaringa. Mimi niligundua siku nilipomwita nikiwa nyuma yake, nikamwita tena, naye akaendelea kushona.

Sikumuuliza kitu. Nilimtengenezea taa.

Kazi yangu ni vifaa vya umeme, kule Kicukiro, mji huohuo. Nilifunga bodi yenye kitufe getini na nyingine yenye taa mezani pake, kila moja na chipu yake, nikaziunganisha kwa waya. Bodi ya getini ilikuwa ikituma ujumbe bila kupumzika: hakuna mtu, hakuna mtu; kitufe kikibonyezwa, yupo mtu, na taa ya mezani inawaka. Ujumbe hupita biti moja baada ya nyingine, kila biti ikiwa ama sifuri ama moja. Chipu ile ina namna kadhaa za kutuma, nami nilichukua ya biti nane kwa sababu ndiyo niliyoizoea.

Nilipopita siku chache baadaye, Shangazi alikuwa amenuna.

“Taa yako iko inawaka, mtu hakuna. Nimetoka kwenda getini mpaka miguu inauma.”

Nikaketi kumtazama akishona. Kila alipokanyaga pedali taa iliwaka, kwani mota ya cherehani ilivuruga ujumbe katika waya uliopita karibu yake. Biti moja ikigeuka njiani, “hakuna mtu” inasomeka “yupo mtu”.

Nilimweleza mwenzangu wa kazini, dada aliyekulia Kampala.

“Kwa nini usitumie biti tisa?” akasema. “Ile ya tisa iwe shahidi.”

Maana yake ni hii: biti ya tisa inasema kama idadi ya zile zenye thamani ya moja kati ya zile nane ni shufwa au witiri. Biti moja ikigeuka njiani, hesabu na shahidi havipatani, na chipu inautupa ujumbe huo na kungoja mwingine. Nilibadilisha programu kwenye bodi zote mbili, maana ukibadilisha moja tu hazielewani. Waya nao nikausogeza mbali na mota. Shangazi akashona kutwa, taa ikabaki imezima.

Jioni nilikuwa nakusanya vifaa vyangu ilipowaka. Shangazi alinitazama kwa mashaka, kisha akaenda kufungua. Getini alisimama mama mmoja na kitenge mkononi, mteja wake wa miaka mingi aliyekuwa ameacha kuja.

“Nilidhani umenichukia,” yule mama alisema. “Nilibisha, nilikuwa nakuona dirishani, hukugeuka.”

Shangazi alimtazama midomo. Akamwomba arudie, naye akarudia kwa sauti ya juu.

“Sisikii, dada,” Shangazi akasema. “Ni muda sasa.”

Hakuna aliyekuwa amemsikia akilitamka neno hilo. Yule mama alimshika mkono, wakaingia ndani, wakakikunjua kitenge mezani, Shangazi akaanza kumpima mabega.