Kimpira cha Nyongeza

Valvu za baiskeli zetu huku Didia ni zile za kimpira. Ni kijiti cha chuma chenye tundu ubavuni, kimevishwa kimpira chembamba kama utumbo wa kifaranga. Ukijaza upepo kimpira kinaachia. Ukiacha kinabana tundu, upepo unabaki ndani. Kikipasuka, upepo unarudi ulikotoka na wewe unashuka kukokota.

Mimi nafanya biashara ya kuku. Nakusanya vijijini, napeleka Kahama, na sijawahi kulipa bei ya kwanza niliyotajiwa. Kimpira cha valvu hata sikuwa nakinunua. Nilikuwa nanunua kitu kingine kwa muuza vipuri wa gulioni, spoku au mnyororo, kisha nadai kimpira kama nyongeza. Ananitazama, anaingiza mkono kwenye kopo linaloshinda juani, ananitupia kimoja. Nahesabu vitu vyangu, nahesabu tena, naondoka mshindi.

Aliyekuwa akipanda baiskeli ni mke wangu, kwenda mazoezi ya kwaya kigangoni. Na katikati ya njia ya kigangoni ndipo alipokaa mwenye pampu.

Huyu bwana alikwenda machimboni Geita kutafuta dhahabu, akarudi na pampu. Si hizi zetu za mkono zinazokoroma kama mgonjwa. Ile ndefu ya kusimama, unaikanyagia miguu yote miwili, tena ina saa ya kupimia upepo. Akaiweka chini ya turubai, akaanza kujazia watu. Kila akipata mteja anasema, "Duara limetema!" kama vile bado yuko shimoni na mwamba umetoa mali. Wanawake wanacheka. Mke wangu akaanza kuyaleta maneno hayo nyumbani. Ugali ukiiva, duara limetema. Kuku akitaga, duara limetema. Mimi natafuna.

Nikaanza kupima tairi. Akirudi mazoezini na kuegesha baiskeli ukutani, nasubiri aingie ndani, nabonyeza kwa kidole gumba. Tairi laini: amerudi moja kwa moja na nyimbo zake. Tairi gumu: amepita kwa yule. Nabonyeza tena kuhakikisha. Lilikuwa gumu mara nyingi kuliko nilivyopenda.

Jioni moja natoka kukusanya kuku, nikawakuta. Mke wangu amesimama, bwana amepiga goti kando ya gurudumu. Alikuwa amemaliza kujaza. Akalamba kidole, akapaka mate kwenye mdomo wa valvu, akainama kutazama kama linatoka povu. Kila fundi hufanya hivyo, na mimi hufanya hivyo. Lakini haya yalikuwa mate ya mwanamume mwingine kwenye baiskeli ya mke wangu.

"Povu linatoka, shemeji," akasema. "Kimpira kimechoka. Hivi vimpira nani anakununulia?"

"Havinunuliwi," mke wangu akajibu. "Ni vya nyongeza."

Wakacheka wote wawili.

"Mwadila," nikasalimu, kwa sauti ya mtu aliyemeza mfupa. Akaniitikia kwa adabu zote, jambo lililoniudhi zaidi. Njia nzima niliupigia hesabu huo ushemeji. Nilipitia ukoo wangu, nikapitia tena, sikuona tulipooana na kwao.

Siku ya gulio nikaenda kwa muuza vipuri.

"Nataka kimpira cha valvu. Kizuri."

"Sawa. Unanunua nini, nikupe nyongeza?"

"Nanunua kimpira."

Akaweka bisibisi chini. "Nyumbani salama lakini? Hamna msiba?"

Akatoa kimoja kwenye pakiti aliyoificha chini ya meza, laini, kinavutika. Miaka yote hiyo kumbe pakiti ilikuwepo. Akataja bei. Nikafungua mdomo kwa mazoea, nikayakumbuka yale mate, nikaufunga. Nikalipa.

Nilikifunga mwenyewe. Nikapaka mate yangu, nikatazama hadi macho yakaniuma. Hakuna povu. Nilijisikia nimemfungia mtu biashara.

Mazoezi yaliyofuata akarudi, nikabonyeza. Gumu! Damu ikanipanda. Nikabonyeza tena, gumu vilevile. Ilichukua muda kunijia kwamba valvu sasa inashika upepo, kwa hiyo tairi litakuwa gumu apite kwa huyo bwana asipite. Lile laini lilikuwa linanipa habari. Nilikuwa nimelipa bei kamili, bila punguzo, kulinyamazisha.

Bado nilikuwa nimechuchumaa pale, kidole kwenye tairi, alipotoka.

"Unatafuta nini, baba watoto?"

"Naangalia upepo."

"Upepo, au nilikopita?"

Nikatazama valvu. Yeye akaishika baiskeli, akaigeuza kuelekea njiani.

"Panda nyuma. Nikuoneshe ninapopitaga."

Mwanamume mzima kukaa kwenye keria akiendeshwa na mkewe, mchana kweupe, hapa kwetu ni habari ya wiki nzima. Nikajaribu. "Basi niendeshe mimi, wewe ukae nyuma."

"Bei moja," akasema.

Nikapanda.

Mwenye pampu alituona tukiwa mbali. Akasimama, akatoka nje ya turubai lake, meno yote nje.

"Shemeji! Upepo unatosha?"

"Unatosha," mke wangu akajibu bila kupunguza mwendo. "Mzigo ndio umezidi!"

Alicheka, nikakisikia kile kicheko mgongoni mwake, maana nilikuwa nimemshika kiuno kwa nguvu kuliko barabara ilivyohitaji. Hakusimama, wala hakugeuka nyuma.

Niligeuka mimi. Kisha nikageuka tena.